Muhuri wa Soli ya Kandambili

Cheo changu, Bisimwa, hakienei kwenye kadi:
msimamizi wa kuwarudishia wenyeji usukani
na ushirikiano na ndugu walioko ng'ambo.
Mama yangu hukifupisha. Akiulizwa sokoni
binti yako anafanya nini siku hizi,
hujibu: anapiga simu Bulaya.

Ni kweli, napiga.
Jumamosi, saa mbili usiku, umeme ukikubali,
nyuso zenu kumi na moja huchomoza kwenye kioo,
Liège, Oslo, Kalgari,
mmoja bado na koti la kazi, kasimama koridoni hospitalini.
Mnauliza fedha ya Kadutu imefika wapi.
Nasema fedha imefika. Karatasi ndiyo iko njiani.

Moto uliwaka Jumatano, kwenye ngazi za Nyamugo,
pale nyumba za mbao zimeegemeana
kama walevi wanaosindikizana.
Kulipokucha mlima ulikuwa umevuliwa nguo.
Sisi wa shirika tulifika na fulana zetu
na dodoso la maswali sitini na manne.
La kumi na tisa: je, mna vyombo vya kutosha vya kupikia?
Mwanamke mmoja akanitazama, akatazama majivu,
akaitazama kalamu yangu.
Akasema: Andika ninazo sufuria kumi,
ili ufike la ishirini.

Huyo ndiye Nabintu M'Cirhuza.
Wanawake wa likelemba yake walikuwa wamekwisha kuhesabu
nani ana mtoto wa titi,
nani ana mzee asiyeweza kushuka ngazi,
nani anajidai kaunguliwa na hakuunguliwa.
Huyo naye walimpa, bati moja,
maana njaa yake haikuwa ya kujidai.
Mabati mia tatu na kumi na mawili,
kwa mkopo, kwa jina lake tu.

Makoti yenu ya baridi yalifika mwezi wa tatu baadaye.
Waliyafumua. Bitana ikawa mbeleko,
zipu zikauzwa, pamba ikaingia kwenye mito.
Ulicheka nilipokuambia, kisha ukanyamaza,
kisha ukauliza jambo lisilo na nafasi kwenye fomu zetu:
lile bomba la chini ya ngazi,
lililokuwa likikohoa kabla ya kutoa maji,
bado lipo?
Lipo, Bisimwa. Linakohoa bado.
Usiku ule nilifuta neno "wafadhili" juu ya orodha yenu.
Sikupata la kuweka. Pako wazi hadi leo.

Makao makuu wakaandika: sawa, fedha ipite kwa wenyeji,
ila chama kilete hesabu za miaka mitatu, na muhuri.
Hesabu Nabintu anazo, za miaka ishirini na miwili,
kwa penseli, Kiswahili na Mashi vikipishana.
Usiku wa moto alikimbia na mjukuu mgongoni,
daftari kifuani. Picha ya harusi aliiacha.
Nilipiga picha ukurasa kwa ukurasa hadi kiganja kikauma.
*Kashindi kafa, deni limekwenda naye.*
*M'Rugenge kalipa kwa sambaza.*
Niambie, mkaguzi wa Jeneva ataiweka safu gani hiyo?

Muhuri hawakuwa nao.
Akamwendea fundi viatu pale Nyawera,
naye akauchonga kwa wembe katika soli ya kandambili,
herufi kinyumenyume, ulimi nje:
UMOJA WA WAMAMA NYAMGO.
U moja ilimponyoka. Nabintu akasema iacheni,
anayetujua atatusoma.
Akaubonyeza kwenye wino, kwenye mkataba,
akaupuliza.

Kisha akafungua daftari, ukurasa mpya,
akaandika jina la shirika letu
upande wa wadaiwa.

Jumamosi usichelewe. Safari hii simu ataishika yeye,
ana maswali kwenu, na la kwanza ni lako:
enzi zenu, jioni,
funguo ya bomba ilikuwa ikilala kwa nani?